Shajara ya SFU: siasa, falsafa na uchumi kwenye meza moja, Lubumbashi

12 Oktoba 2024: Tunaanza

Tuko watatu. Mimi nasoma uchumi. Dada mmoja aliyekuja kutoka Bukavu anasoma sayansi za siasa na utawala. Wa tatu yuko falsafa. Alipitia seminari kabla ya kuja chuoni, na kwa kuwa ametuzidi umri tunamwita Yaya. Vitivo vyetu ni tofauti, ila taksibusi ya Kasapa, kampasi ya chuo chetu, ni moja, na humo ndimo mradi ulimozaliwa. Siku hiyo nilikuwa naeleza kwa nini unga umepanda bei. Yaya akauliza kama bei hiyo ni ya haki. Dada akauliza ni ofisi gani yenye uwezo wa kuishusha. Tulishuka bila hata mmoja wetu kuweza kumjibu mwenzake.

Kuna shahada inayosomesha mambo hayo matatu kwa pamoja. Ilianzia Oxford miaka ya 1920, kwa vijana waliotazamiwa kuingia kazi za serikali, ili wasome mambo ya zama zao mahali pa Kigiriki na Kilatini. Mwaka wa kwanza wote wanasoma matawi yote matatu. Baadaye mtu anaweza kubaki na yote au kuacha moja, na mwisho anafanya mitihani minane. Matokeo yanapangwa kwa madaraja: la kwanza, la pili juu, la pili chini, la tatu. Kiini chake ni insha unayoandika kila wiki na kwenda kuitetea mbele ya mwalimu, uko peke yako au na mwenzako mmoja.

Hapa kwetu mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari) una lisansi ya miaka mitatu, muda uleule, lakini kila mtu anabaki ndani ya kitivo chake. Sisi tunajipa miezi 15, pembeni ya masomo yetu, kujaribu kuijenga shahada hiyo kwa mikono yetu. Tumeipa jina SFU. Mchango ni franga 4,000 kila mmoja kwa kila wiki tunayokutana, na leo dola moja iko karibu na franga 2,800. Naandika shajara hii ili wanaotaka kujaribu Likasi, Kolwezi au kokote wasianze pale tulipoanzia sisi.

30 Novemba 2024: Hatua ya kwanza imeshindwa

Tulifanya jambo lililoonekana la akili. Kila mmoja alileta silabusi zake bora, tukazitoa fotokopi kwa ajili ya wengine: kurasa 640, franga 100 kwa ukurasa, jumla 64,000. Wiki moja siasa, wiki moja falsafa, wiki moja uchumi, mwenye kitivo anafundisha na wawili wanaandika.

Baada ya wiki sita tulijipima. Swali lilikuwa lilelile la kwenye taksibusi: bei ya unga, haki yake, na mwenye uwezo wa kuishusha. Kila mmoja alijibu sehemu yake vizuri na zile nyingine akaziandika kama mtu anayekariri katekisimu. Nilisoma insha yangu nikaona aya ya kwanza ni uchumi, ya pili falsafa, ya tatu siasa, na hakuna aya iliyomjua jirani yake. Tulikuwa tumepanga silabusi tatu ubavu kwa ubavu tukadhani tayari ni somo moja.

Tumebadilisha hivi. Kila wiki kuna swali moja na mtu mmoja wa kuliandikia kurasa nne. Anazisoma kwa sauti, wawili wanamkatiza wanapotaka. Insha inaandikwa Kifaransa kwa sababu vitabu vyetu ni vya Kifaransa, lakini utetezi ni kwa Kiswahili. Sharti hili la mwisho aliliweka Yaya, nami nililipinga, na nilikosea kulipinga. Kifaransa chetu cha chuoni kimejaa sentensi tulizozipokea zikiwa zimekwisha kuumbwa, na mtu anaweza kuongea robo saa bila kugusa jambo. Ukiambiwa ulieleze kwa Kiswahili cha nyumbani, hapo ndipo inapojulikana kama umelielewa.

Swali nalo lina kipimo chake. Ondoa tawi moja, kisha tazama kama bado linajibika kikamilifu. Likijibika, hilo si swali la SFU, tafuta jingine.

18 Januari 2025: Kikomo cha bei, na kitako cha meka

Swali: je, mkoa uweke kikomo cha bei ya unga? Msimu huu ndio wake. Mvua zinanyesha, mavuno ni Aprili, na sehemu kubwa ya unga wa mji huu inapita Kasumbalesa kutoka Zambia, kwa hiyo uamuzi wa Lusaka kuhusu mahindi yao unafika kwenye sufuria zetu.

Zamu ilikuwa yangu. Niliandika kama nilivyofundishwa: weka bei chini ya ile ya soko, wauzaji wataleta kidogo, wanunuzi watataka zaidi, itazuka foleni na magendo. Nilichora mistari miwili inayokatana. Nilipomaliza, dada aliuliza, “Ulikwenda soko gani?” Sikuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda soko la Kenya (kwa wasomaji wa mbali: Kenya ni komini ya Lubumbashi). Tuliazima mizani kwa muuza nyama. Tulinunua unga meka tano (meka ni kopo la kupimia, linajazwa hadi unga ufanye kilele juu yake) kwa wamama watano, wote bei moja, hata franga kumi haikupishana. Kwenye mizani, meka nzito kuliko zote na ile nyepesi zilipishana gramu 410. Bei haikuwa imetembea. Kilichotembea ni kipimo.

Mama mmoja alitueleza bila kuficha: “Mwanangu, nikipandisha bei, mteja anaenda kwa jirani. Nikipunguza kilele kidogo, kesho atarudi.” Mwingine alikuwa na kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani, na huyo hakutaka maongezi.

Hapo ndipo nilipoona matawi matatu yakishikana kwa mara ya kwanza. Yaya alisimama papo hapo sokoni akatofautisha: kilele mnunuzi anakiona, anaweza kukikubali au kwenda zake, lakini kitako hakioni. Wa kwanza anapandisha bei kwa njia ya wazi, wa pili anaiba. Dada akauliza ni nani mwenye kazi ya kukagua makopo, na kama yupo, kwa nini kikomo cha bei kiwekwe kabla makopo hayajakaguliwa. Nami nikaona kwamba mchoro wangu ulichukulia kilo kuwa kilo. Kikomo cha bei katika soko la meka kingeshusha kilele tu. Foleni na magendo niliyoyaandika yasingeonekana kabisa, na mkuu wa mkoa angetangaza kwamba amefaulu.

Sheria mpya: kila insha iwe na jambo moja ambalo mwandishi ameliona kwa macho, au amelisoma kwenye sheria yenyewe, si kwenye silabusi inayoisimulia. Unga wa utafiti tulipika bukari (ugali) kwa sombe (majani ya muhogo), kwa hiyo siuandiki kwenye gharama.

1 Machi 2025: Leta ni nani

Wiki nne hatukukutana. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Dada alikuwa akilala na simu mkononi. Benki za huko zilifungwa, pesa ya masomo aliyokuwa akitumiwa na wazazi ikakatika. Mimi na Yaya tuligawana mchango wake. Naliandika hili kwa sababu ni sehemu ya hesabu, na kwa sababu mwenye kuiga mradi huu ajue mapema kwamba sanduku la michango linapaswa kumbeba mtu asiyeweza kulipa.

Aliporudi alikuja na swali lake mwenyewe: leta ni nani?

Neno hili linahitaji kusimamiwa kidogo. Vitabu vya Kiswahili sanifu vinasema “dola” kwa maana ya nchi yenye mamlaka. Kwetu dola ni noti ya kijani. Ukimwambia mtu wa Katuba, hapa mjini, kwamba dola imedhoofika atakimbilia kwa kambisti, mbadilisha pesa. Ila sisi tuna “leta”, lililotoka kwenye Kifaransa tangu enzi za Wabelgiji, na halitaji serikali ya leo wala rais wa leo. Linataja kile kinachobaki serikali zinapobadilika: kodi, karatasi, polisi, barabara, amri. Tulipoanza kuandika leta pale vitabu vinaposema État, nusu ya mabishano yetu yakaisha, maana nyuma tulikuwa tukichanganya serikali na leta katika sentensi moja.

Dada alianza na Hobbes, mwanafalsafa aliyeandika mwaka 1651 akiwa amekimbia machafuko ya kwao Uingereza: wajibu wa kutii unadumu maadamu mwenye mamlaka anaweza kukulinda. Akaongeza Weber, mwanasosholojia Mjerumani, 1919: leta ni ile inayodai, na kukubaliwa, kwamba nguvu halali ni yake peke yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, je, anayeingia mjini na bunduki usiku anakuwa leta asubuhi kwa sababu tu risasi zimenyamaza?

Wala mimi wala Yaya hatukumkatiza. Sheria yetu ya kukatiza ilikuwa mbaya kwa insha ile, tukaiacha alasiri nzima bila kuambiana. Tangu siku hiyo mwandishi anaweza kusema mwanzoni kwamba insha yake isikilizwe hadi mwisho.

Aliunganisha na jambo la wiki hiyohiyo. Tarehe 22 Februari leta ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka. Aliniomba nimfafanulie, nami nilimweleza: Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, kwa hiyo ikifunga bomba, bei inasikia. Sentensi yake ya mwisho naiandika kama alivyoisema: “Leta hii inaweza kusimamisha malori huku kusini na dunia nzima ikajua, na haikuweza kusimama mbele ya mlango wa mama yangu.”

Yaya alijibu kwa kurasa sita. Hoja yake: kuacha kupiga si kulinda. Hobbes anazungumzia kulindwa, na aliyelindwa ana mahali pa kushitaki. Sikubaliani naye kikamilifu, maana kwa kipimo hicho wengi wetu tumeishi bila leta maisha yetu yote, lakini sijapata kuivunja hoja yake.

3 Mei 2025: Orodha ya kusoma ilikuwa na tundu

Mwezi wa nne zilifika habari za kifo cha mwanafalsafa V. Y. Mudimbe huko Marekani. Alizaliwa Likasi mwaka 1941, na miaka ya 1970 alifundisha hapa Lubumbashi. Yaya alileta orodha yetu ya kusoma akaiweka mezani, akakaa kimya. Tuliihesabu: waandishi 19, wote wa Ulaya na Marekani. Miezi saba tumejifunza falsafa katika mji ambamo Mudimbe alifundisha, ambamo Hountondji wa Benin naye alifundisha mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, nasi hatukuwaweka hata mmoja wao. Hilo limenikaa moyoni kuliko kosa jingine lolote katika shajara hii.

Hatukutaka kuongeza majina mawili chini ya orodha na kuendelea. Tuliuliza ni andiko gani la siasa, falsafa na uchumi limeandikwa moja kwa moja katika lugha tunayotetea insha zetu. Jibu lilikuwa karibu: Azimio la Arusha, 5 Februari 1967. Tulilipata kwenye intaneti, tukatoa fotokopi tatu. Ni Kiswahili cha Tanzania, baadhi ya maneno yalituchelewesha, lakini kusoma hoja ya pesa na maendeleo kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza kulitufungulia maneno tuliyokuwa tukiyahangaikia: unyonyaji, kujitegemea, njia kuu za uchumi.

Kisha dada akaona tarehe. Wiki tano kabla ya Arusha, 1 Januari 1967, leta ya Kongo iliichukua Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba yetu, na kuunda Gécomin, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Mali mbili kubwa zikawa za umma ndani ya wiki sita, nchi mbili jirani, maneno yanayofanana. Tanzania ilianza na benki, sisi shaba. Swali la wiki likajiandika lenyewe: jambo likiwa mali ya umma, umma ni nani?

Kwa upande wa uchumi nilileta tani. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na mwaka 1994 karibu 30,000. Nilitaka kuhitimisha kwamba mali ya umma haifanyi kazi. Dada alinizuia: miaka karibu 20 ya uzalishaji mkubwa nayo ilikuwa ya umma, kwa hiyo kilichobadilika ni kingine, nikitafute. Nilikitafuta, nikaona faida ikitolewa bila mashine kurekebishwa, mgodi wa Kamoto ukiporomoka mwaka 1990, kisha fujo za miaka iliyofuata. Hitimisho langu la kwanza lilikuwa la kivivu.

Tundu jingine lililogunduliwa wiki hiyo ni neno “haki”. Kwa Kifaransa kuna droit na kuna justice. Sisi tunasema haki kwa yote mawili. Yaya alikuwa akieleza wazo la Rawls, mwanafalsafa wa Marekani: watu wachague kanuni za jamii wakiwa nyuma ya pazia, bila kujua watazaliwa tajiri au maskini. Mimi nikasikia kwamba kila mtu ana haki ya sehemu sawa, naye hakusema hivyo. Tulibishana saa nzima juu ya neno moja lenye vyumba viwili. Sasa tunaandika “haki” kwa kile mtu anachoweza kudai, na “uadilifu” kwa mgawanyo unaostahili. Mtu wa Mombasa huenda angechagua vingine, kwetu limefanya kazi.

28 Juni 2025: Hesabu, mantiki na noti za milioni tano

Nilidhani hesabu ni yangu na wenzangu watanifuata. Mwezi mzima wa tano ulipotea hivyo. Nilikuwa nikiandika unyumbufu wa mahitaji (jinsi mahitaji yanavyobadilika bei ikibadilika) kwa derive, hesabu za kasi ya mabadiliko, Yaya na dada wanatikisa kichwa kwa adabu. Derive walizisoma sekondari, zikalala.

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu wa hesabu anayekaa Katuba, tunamwita Papa. Hachukui malipo, tunampelekea sukari na majani ya chai. Njia yake: dakika 20 kila siku, zoezi moja, hakuna kuruka siku. Alianza na meka zetu. Bei ikipanda kwa asilimia 10, mama ananunua pungufu kwa asilimia ngapi? Wakishika hapo ndipo anaandika alama. Baada ya wiki nne Yaya alikuwa akinisahihisha.

Mantiki ilienda upesi, isipokuwa kosa moja ambalo sote watatu tulilifanya kwenye zoezi lilelile. Leta ikiibiwa, barabara zinaharibika. Barabara zimeharibika. Basi leta imeibiwa. Tuliikubali kwa sababu tunaamini mwisho wake. Papa alisema mvua nayo inaharibu barabara. Tangu siku hiyo, hoja ikitupendeza sana tunaibadilisha maneno yawe ya mambo tusiyoyajali, kisha tunaipima upya.

Papa alitupa pia swali bora la mwaka. Alikuwa mwalimu wakati wa zaire, pesa yetu kabla ya franga. Mwishoni mwa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni tano. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi alisema si halali, rais Mobutu akaitumia kulipa askari, wauzaji wakaikataa, na Januari 1993 Kinshasa ikawaka. Oktoba mwaka huo ilikuja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Huko Kasai, katikati ya nchi, waliikataa, wakaendelea na noti za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu asilimia 9,800. Mwaka 1998 ikaja franga, moja kwa zaire mpya 100,000. Papa aliyasema yote bila karatasi, kisha akatoa noti moja ya zamani kwenye Biblia yake, akauliza: “Hii ilikuwa pesa asubuhi, jioni haikuwa pesa. Ilibadilika nini?”

Niliandika jibu la uchumi: zilichapwa nyingi mno. Ni kweli, ila halielezi Kasai, ambako noti isiyochapwa tena na iliyokanwa na benki kuu iliendelea kununua chumvi. Dada alisema pesa ni amri ya leta; Kasai inamkatalia, na askari wa Kinshasa pia, kwani walikuwa na amri mkononi na mkate hawakuupata. Yaya alisema pesa ni ahadi kati ya watu wasiojuana, kila mmoja anapokea kwa sababu anatarajia mwingine naye atapokea. Hilo linaeleza Kasai, lakini halielezi ni kwa nini ahadi ilivunjika kwingine, na huko lazima urudi kwenye mashine ya kuchapa. Tulizunguka meza mara tatu. Hicho ndicho kikao ninachowaeleza watu wanaponiuliza SFU ni nini.

13 Septemba 2025: Kura isiyokuwa na mshindi

Tunahitaji mada moja ya tasnifu, sisi tunaiita memwari, ili tuifanye kwa pamoja na kila mmoja aandike sura yake. Mada zilikuwa tatu: mrabaha wa madini (fungu ambalo leta inatoza kwenye thamani ya madini yanayouzwa), unga, na pesa. Kila mmoja alizipanga kwa upendeleo. Mimi: mrabaha, unga, pesa. Dada: unga, pesa, mrabaha. Yaya: pesa, mrabaha, unga.

Tulipiga kura mbilimbili. Mrabaha uliushinda unga, wawili kwa mmoja. Unga ukaishinda pesa, wawili kwa mmoja. Basi mrabaha uishinde pesa? Pesa iliushinda mrabaha, wawili kwa mmoja. Tulirudia tukidhani tumehesabu vibaya. Condorcet, mwanahisabati Mfaransa, aliliandika jambo hili mwaka 1785, na Arrow, mwanauchumi wa Marekani, mwaka 1951 alionyesha kwamba hakuna njia ya kupanga kura za namna hii inayoweza kukidhi masharti machache ya busara yote kwa pamoja. Nilikuwa nimelisoma kwa ajili ya mtihani. Mezani kwetu lilichukua Jumamosi mbili na karibu livunje urafiki, maana kila mmoja aliona wengi wako upande wake, na alikuwa sahihi.

Tulichofanya: tuliacha kura, tukauliza ni mada gani tunaweza kupata sheria yake yenyewe na kuisoma. Mrabaha ukabaki peke yake. Mimi nilipata nilichotaka, kwa hiyo dada ndiye aliyepewa kuchagua mpangilio wa sura.

8 Novemba 2025: Makosa mawili ya pesa

La kwanza liko kwenye tasnifu. Swali letu: katika pesa ya shaba, ni kiasi gani kinastahili kubaki mahali inapochimbwa? Nilipiga hesabu za sura yangu kwa silabusi ya fotokopi. Kwa kila dola 1,000,000 za shaba, mrabaha asilimia 2, yaani 20,000. Asilimia 15 ya hiyo inakwenda mahali inapochimbwa: 3,000. Nilijenga kurasa 11 juu ya hizo dola 3,000.

Dada, kwa ile sheria yetu ya Januari, alidai tuone kanuni ya madini yenyewe. Silabusi ilikuwa inafuata kanuni ya 2002. Mwaka 2018 ilirekebishwa: shaba ni asilimia 3.5, na kobalti, baada ya kutangazwa kuwa madini ya kimkakati, ni 10. Mgawanyo nao umebadilika. Zamani leta kuu ilichukua 60, mkoa 25, mahali 15. Sasa leta kuu 50, mkoa 25, mahali 15, na 10 inakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Tena msingi wa hesabu si uleule. Zamani makato fulani yalitolewa kwanza, sasa mrabaha unatozwa kwenye thamani yote ya biashara, kwa hiyo hata kulinganisha 2 na 3.5 peke yake ni kudanganya. Hesabu sahihi: 35,000, na mahali panabaki na 5,250. Kwa kobalti ya thamani hiyohiyo, 100,000 na 15,000.

Kurasa 11 nilizitupa. Lakini kosa lilizaa sura. Swali halikuwa tena kwa nini mahali panapata kidogo. Likawa: asilimia 10 za wasiozaliwa zimetolewa kwenye fungu la leta kuu, na mahali hapakuongezewa hata moja. Waliotunga walipima vizazi vijavyo dhidi ya Kinshasa, na wale wanaoishi juu ya shimo leo wakaachwa kwenye 15 yao. Yaya alishika hapo. Ibara ya 9 ya katiba inaipa leta mamlaka ya kudumu juu ya ardhi na vilivyo chini yake, kwa niaba ya nani? Ya waliopo, au pia ya wajao?

Kosa la pili ni sanduku. Katikati ya mwaka niligeuza akiba yetu kuwa dola 60, kwa 2,850 kila moja: franga 171,000. Kila mtu hapa anajua dola haishuki, na mimi mwanafunzi wa uchumi nilijua pia. Tangu Septemba franga imepanda nguvu kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Wiki hii kambisti alinipa 2,300. Nilirudi na 138,000. Fotokopi haijashuka bei hata franga moja. Hasara ni 33,000, na ni yangu, kwa sababu sikuuliza wenzangu. Gharama zetu ni za franga, kwa hiyo akiba ilipaswa kukaa franga.

24 Januari 2026: Utetezi

Tulitetea kwa Papa, chini ya mwembe, kwa muda wa saa tatu na nusu. Msomaji wetu ni asistanti mmoja aliyekubali kuja bila kujulikana kitivo chake. Tulimpa sura bila majina, zenye namba tu. Tulikubaliana alama mapema: 70 kwa 100 ndiyo daraja la kwanza huko Oxford, na hapa kwetu 14 kwa 20 ni distinksio, kwa hiyo mstari ni mmoja.

Dada amepata 15. Yaya 14. Mimi 13, daraja la pili juu. Asistanti aliniuliza kwa nini vizazi vijavyo wastahili asilimia 10 na si 3 au 30. Nilisema sheria imesema. Akasema, “Hilo ni jibu la siasa kwa swali la falsafa.” Nilikuwa na zaidi ya siku 70 za kuliona na sikuliona. Sura yangu inahitaji kurasa tano zaidi, nimeshaanza.

Gharama zote kwa franga: fotokopi za hatua ya kwanza 64,000, ambazo mwenye kuiga asizitumie kabisa, fotokopi nyingine 118,000, mega za intaneti 150,000, taa ya sola kwa jioni zisizo na umeme 42,000, kuchapa tasnifu 54,000, hasara ya dola 33,000. Jumla 461,000. Michango ya wiki 40 ilikuwa 480,000. Zimebaki 19,000. Sukari ya Papa kila mmoja alitoa mfukoni mwake.

Wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza wameomba kuingia. Tutawagawa wawili wawili, na kila jozi itaanza na mizani, soko la Kenya, Jumamosi ya tarehe 7 Februari. Papa amesema mazoezi ya dakika 20 yanaanza siku ileile, saa kumi na moja jioni, na atakayechelewa atakuta mlango umefungwa.